Ikamateni Mizani, Mwacheni Mkulima

Kila msimu wa kahawa unapokaribia Kagera, kuna hotuba ambayo mtu wa Bukoba au Muleba anaweza kuimalizia mwenyewe hata kabla kiongozi hajashika kipaza sauti. Butura ni wizi. Magendo ni hujuma kwa uchumi. Anayekubali butura, akauza kahawa ikiwa ingali maua, hajitambui, na anayeivusha mpaka wa Mutukula kwenda Uganda si mzalendo. Kwa hiyo vizuizi vitaongezwa barabarani, mitumbwi itasakwa ziwani, na atakayekamatwa atakuwa fundisho kwa wengine. Makofi yanapigwa, msimu unapita, na mwaka unaofuata hotuba inatolewa tena.

Yangekuwa maneno ya viongozi peke yao, pengine yangeachwa yapite. Lakini sasa ndiyo imani ya karibu kila mtu. Utaisikia kwenye taarifa ya habari na kwenye mikutano ya ushirika. Utaisikia hata kwa watoto wa Kagera walioko Dar es Salaam, ambao wengi wao walisomeshwa kwa kahawa, wakirudi nyumbani Desemba na kumsikitikia mkulima kana kwamba hajui hesabu. Nasema imani hiyo imekosea tangu mwanzo. Butura ni mkopo wa gharama kubwa kwa mtu asiye na mkopo mwingine. Magendo ni mzigo unaokwenda kwenye bei nzuri. Vyote viwili ni dalili, na dola imemaliza nguvu zake kupambana na dalili huku ikipita juu juu kwenye mambo matatu yanayomkamua mkulima kwelikweli: mizani, makato na tarehe ya malipo.

Tuanze na butura, maana ndiyo inayotukanwa zaidi.

Kahawa ya Kagera, ambayo kwa sehemu kubwa ni robusta, huvunwa kuanzia Mei na kuendelea katikati ya mwaka. Shida za mwenye kibanja, shamba lake la migomba na mibuni, hazisubiri Mei. Januari shule zinafunguliwa. Ada ya sekondari za serikali ilifutwa tangu 2016 kwa kidato cha kwanza hadi cha nne, ni kweli, lakini sare, madaftari, godoro la bweni na mchango wa chakula havikufutwa. Februari mtu anaugua, Machi kuna msiba, na wakati huo mibuni ina maua au punje za kijani tu. Hapo anakuja mtu anayefahamika, mara nyingi jirani au mfanyabiashara wa senta ya karibu. Wanazunguka pamoja kibanjani, wanatazama matawi chini ya migomba, wanakubaliana. Pesa inatoka mfukoni palepale, bila fomu, bila hati ya ardhi, bila picha mbili za pasipoti. Dhamana ni mibuni yenyewe.

Hesabu yake ni chungu, na mkulima anaijua kuliko anayemhubiria. Tuchukue mfano. Mama amechukua laki moja mwezi wa pili kwa makubaliano ya shilingi 1,500 kwa kilo ya kahawa ya maganda. Mavuno yakifika anatoa kilo 67 hivi. Ikiwa bei ya msimu ni shilingi 4,000, kilo hizo zina thamani ya takriban shilingi 267,000. Maana yake amelipa shilingi 167,000 juu ya laki moja aliyokopa kwa miezi mitano tu. Anayeuita huo unyonyaji sibishani naye. Ninayembishia ni yule anayeleta marufuku kama dawa. Serikali inaufuta mkopo huo kwa tamko bila kuleta mwingine, halafu inashangaa biashara imehamia usiku. Na ikishahamia usiku bei inashuka zaidi, kwa sababu mnunuzi anajilipa mapema kwa hatari ya kukamatwa, na pesa ya kujilipa anaitoa kwenye kilo za mama yuleyule.

Wapo wanaojibu kwamba fedha ya butura inaishia kwenye rubisi. Walevi wapo, kama walivyopo katika kila kazi. Wapo watumishi wa umma ambao mshahara wao hauvuki tarehe kumi kwa sababu ya baa, na hakuna aliyewahi kupendekeza mishahara ipigwe marufuku. Tena hapo pana jambo la kutazama vizuri. Mtumishi wa mjini anapobanwa hukopa kwa wale wanaoitwa kausha damu, kwa riba ambazo jina lao linatosha kuzieleza. Dola ilijibu vipi? Ilitunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, ikaipa Benki Kuu jukumu la kusajili wakopeshaji na kuwabana waeleze riba na masharti yao waziwazi. Macho ya sheria yako kwa mkopeshaji. Mkopaji hakuitwa mjinga wala hakutishiwa mahabusu. Mwalimu aliyekopa kwa dhamana ya mshahara ambao hajaufanyia kazi na mkulima aliyekopa kwa dhamana ya kahawa ambayo haijaiva wamefanya jambo moja. Mmoja tumemwonea huruma, mwingine tumempelekea mgambo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Sasa magendo.

Kutoka Bukoba mjini hadi Mutukula ni kilomita 80 hivi za lami. Upande wa pili ni Uganda, nchi inayouza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60 kwa mwaka, wingi wake robusta, wakati uzalishaji wa Tanzania nzima ni sehemu ndogo tu ya hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Uganda iliondoa ukiritimba wa bodi yake katika ununuzi wa kahawa, wanunuzi wakawa wengi, na sehemu ya bei ya nje inayomfikia mkulima ikapanda sana. Huku kwetu, kwa miaka kadhaa kabla ya 2021, kilo ya maganda ilizunguka kwenye shilingi elfu moja na ushei, tena mara nyingine kwa ahadi ya kulipwa baadaye. Kule ng'ambo bei ilikuwa ya juu na pesa ilitolewa taslimu. Mtu hahitaji kuwa msaliti ndipo aone tofauti hiyo. Anahitaji macho tu.

Wanaodhani doria itazuia kahawa kuifuata bei hawana budi kusoma historia ya Ziwa Victoria hilihili. Julai 1975 baridi kali iliharibu mibuni ya Brazili, na bei ya dunia ikapaa mwaka 1976 na 1977. Uganda ya Idi Amin ilikuwa inamlipa mkulima wake fedha isiyo na thamani. Kahawa ya Waganda ikahama: kwa punda na mabega ikavuka kwenda Kenya, hadi Chepkube kwenye miteremko ya Mlima Elgon pakawa soko maarufu. Amin akaunda kikosi cha kupambana na magendo chenye boti za kasi, na Bob Astles akawa mmoja wa vinara wake. Kule watu walikuwa wakipigwa risasi, si kutozwa faini. Kahawa iliendelea kuvuka. Kama utawala ule, ambao haukujali mahakama wala roho ya mtu, ulishindwa kuisimamisha kahawa kwa bunduki, mgambo wa halmashauri aliyekaa kwenye kizuizi usiku ataisimamisha kwa filimbi?

Hoja ya uzalendo nayo tuipime kwa shilingi. Ushuru wa mazao ya biashara unaokwenda halmashauri ni asilimia 3 tangu ulipopunguzwa mwaka 2017. Kahawa ya shilingi 100 ikivuka kimyakimya, halmashauri imepoteza shilingi 3, na taifa limepoteza fedha za kigeni na takwimu. Ni hasara, siikani. Lakini mkulima anayelazimishwa kuuza kilo kwa shilingi elfu moja chini ya bei ya jirani anapoteza elfu nzima katika kila kilo. Hiyo elfu ni kodi, ingawa hakuna bunge lililoipitisha wala stakabadhi inayoionyesha. Ukitaka kumhesabia mtu uzalendo, hesabu na hiyo. Isitoshe, Tanzania na Uganda zimo katika Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulioanza kazi 2005 na Soko la Pamoja la 2010. Tunatia saini mikataba ya kuruhusu bidhaa zivuke, kisha tunamkamata anayezivusha kwa kukosa kibali ambacho mwenye magunia mawili hana pa kukipata.

Nitaambiwa kwamba nimesahau yaliyotokea biashara ilipoachwa huria katikati ya miaka ya 1990: wanunuzi binafsi walifurika vijijini, wakaja na mizani ya kuchakachua, wakanunua kahawa mbichi na kavu bila kuchagua, ubora ukaanguka, na mwishoni bei ikaporomoka kiasi kwamba watu waling'oa mibuni. Hii ndiyo hoja nzito ya upande wa pili na haistahili kupuuzwa. Sehemu yake ni ya kweli. Mizani ya kuchakachua ilikuwepo, na palepale ndipo ninapotaka dola isimame. Lakini bei ya 2001 haikuporomoshwa na mnunuzi wa Kamachumu wala wa Kemondo. Mfumo wa kugawana soko kwa mgao chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa ulikuwa umevunjika Julai 1989, Vietnam ikapanda robusta kwa kasi, na kufikia 2001 bei ya dunia ilikuwa chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa miongo mingi. Wakulima wa Kolombia na Ethiopia walilia pamoja na wa Muleba. Kuchukua msiba wa dunia nzima na kuuandika kwa jina la walanguzi wa Kagera ni kumdanganya mkulima kuhusu chanzo cha shida yake, na mtu aliyedanganywa chanzo hupewa dawa isiyo yake.

Dawa yenyewe ililetwa mwaka 2018. Serikali iliagiza kahawa yote ipite kwenye vyama vya ushirika, na mnunuzi binafsi akazuiwa kununua moja kwa moja kijijini. Nia ilitangazwa kuwa ni kumlinda mkulima. Kilichofanyika ni kumpa mnunuzi mmoja. Chama cha msingi kilipokea kahawa, chama kikuu kikakopa benki ili kutoa malipo ya awali, riba ya mkopo huo ikaingia kwenye gharama, na gharama ikashuka hadi kwa mwenye gunia. Aliyepeleka kahawa Juni angeweza kuisubiri nyongeza hadi asahau alipeleka kilo ngapi. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume yake, ambayo kazi yake mojawapo ni kumlinda mlaji dhidi ya muuzaji anayehodhi soko. Nani anamlinda muuzaji dhidi ya mnunuzi anayehodhi soko? Kwa mama wa Muleba mwenye magunia manne, hiyo ndiyo haki ya mlaji iliyogeuzwa upande.

Wala nisieleweke kuwa naupiga vita ushirika. Chama kikuu cha wakulima wa kahawa Bukoba kilianza mwaka 1950 kwa sababu wakulima walikihitaji. Mrithi wake wa leo, KCU, aliingia katika soko la biashara ya haki wakati wengi hawajalisikia, na kwa nyongeza iliyotokana na soko hilo wakulima wakanunua hisa katika kiwanda cha kahawa cha TANICA cha Bukoba. Huo ni ushirika wenye kitu cha kujivunia. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu nchi nzima na kuweka mamlaka za mazao mahali pake, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Hapo ndipo ushirika ulipozoea kupokea maagizo kutoka juu. Kanuni ya kwanza ya ushirika popote duniani ni hiari ya mwanachama. Chama ambacho mteja wake analetwa na polisi hakina haja ya kumlipa kwa wakati, hakina haja ya kumweleza makato, na hakina haja ya kubadilisha karani mwenye vidole vizito. Anayeutakia mema ushirika wa Kagera auache ushindane.

Na ushindani umeshaonyesha kazi yake hapahapa. Katika misimu ya karibuni serikali ilifuta tozo lukuki, ambazo kwa maelezo yake yenyewe zilizidi 40, na kuleta minada mkoani ambako wanunuzi wanashindana kwa bei inayosikika na kila mtu. Bei ya kilo ya maganda ikapanda hadi kuvuka shilingi 4,000 mwaka 2024. Watetezi wa udhibiti wanaidaka hiyo kama ushahidi wao. Tuwe wakweli. Sehemu kubwa ya kupanda huko ilitoka nje: ukame wa Vietnam uliifanya robusta ivuke dola 5,000 kwa tani katika soko la London mwaka 2024. Sehemu iliyobaki ilitokana na mnada na kupungua kwa tozo, na ninawapongeza walioamua hivyo. Lakini tazameni walichofanya: waliongeza wanunuzi na kupunguza makato. Walifanya kinyume cha agizo la 2018. Na bei ya ndani ilipokaribiana na ya ng'ambo, sababu ya kuvuka ikapungua yenyewe. Kwa nini basi tunaendelea kuhutubia vizuizi?

Jibu ni la zamani. Kagera ina desturi ndefu ya kutawaliwa kwa ajili ya faida yake. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilileta kanuni za kahawa zilizomtaka mkulima atunze mibuni kwa namna ilivyoagizwa na wakaguzi. Ushauri wenyewe haukuwa wa kijinga. Lakini ulikuja na amri, wakulima wa Bukoba wakakataa, Klemens Kiiza na chama chake cha wakulima wakawa mstari wa mbele, na jibu la serikali likawa polisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja kanuni za kupambana na fukusi wa migomba, na wakaguzi wakaingia vibanjani mwa watu. Mwanasiasa Ali Migeyo akahutubia Kamachumu, mkutano ukatawanywa kwa mabomu ya machozi, mwenyewe akaishia gerezani. Fukusi walikuwa wadudu wa kweli. Hata hivyo ni nani leo Muleba anamkumbuka mkaguzi kwa wema?

Linganisha na lililotokea baadaye. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa wa mnyauko ulianza kuua mibuni ya robusta Kagera, mti mmoja baada ya mwingine, majani yakinyauka na kukauka bila tiba. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kahawa (TaCRI), wenye kituo chao Maruku, walifanya kazi hadi mwaka 2011 zikatolewa aina zinazouhimili ugonjwa huo, zikiwa na majina ya nyumbani: Maruku, Bukoba, Muleba. Miche hiyo haikupelekwa na askari. Watu waliifuata, wakaipangia foleni, wakaipanda. Mkulima yuleyule anayeitwa mkaidi alikuwa mwepesi pale alipoletewa kitu chenye manufaa. Serikali inayo njia mbili za kuingia kibanjani, na zote mbili imeshazijaribu. Matokeo yake yanaonekana kwa macho.

Hapa msomaji anaweza kudhani nataka dola ikae kando, kila mtu ajitafutie. La. Nataka dola iwe kali kuliko ilivyo, ila kwa watu wengine.

Nenda kwenye ghala la chama cha msingi siku ya kupokea kahawa. Mzee amefika na gunia kwenye baiskeli. Karani anachota konzi ya maganda, anaitikisa karibu na sikio. Ikilia kavu, punje ikigonga ndani ya ganda lake, anakubali. Ikiwa kimya, anasema ina unyevu. Pasipo na kipima unyevu, hukumu ni sikio lake tu, na kilo mbili tatu zinaondoka hapo. Gunia linaning'inizwa kwenye mizani ya saa. Mshale unacheza, na kabla haujatulia namba imeshaandikwa. Uzito wa gunia unakatwa, na ukataji huo hauongozwi na chochote zaidi ya mazoea. Kisha stakabadhi: kilo fulani, malipo baadaye. Mzee anaikunja mara nne na kuitia mfuko wa shati. Katika dakika hizo tano amepitia sehemu zote ambazo mtu anaweza kuibiwa, na kati ya askari wote waliopangwa msimu huo hakuna hata mmoja aliyesimama hapo. Wako Mutukula.

Wamarekani walikabiliana na jambo hili karne moja na nusu iliyopita. Wakulima wa nafaka wa jimbo la Illinois walikuwa wanapeleka ngano na mahindi yao kwenye maghala makubwa ya Chicago yaliyomilikiwa na watu wachache waliopatana bei. Ghala ndilo lililopima, likapanga daraja la nafaka, likatoza gharama ya kuhifadhi. Mkulima hakuwa na pa kwenda. Mwaka 1871 jimbo lilitunga sheria: ghala liwe na leseni, gharama isivuke kiwango, na ukaguzi wa nafaka usimamiwe na maofisa wa jimbo. Wenye ghala wa kampuni ya Munn na Scott waligoma, wakatozwa faini, wakakata rufaa wakilalamika kuwa mali yao inaingiliwa. Mwaka 1877 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtu akiiweka mali yake mahali ambapo umma wote lazima upite, umma una haki ya kumpangia masharti. Sikilizeni sheria ile ilimshika nani. Ilimshika mwenye ghala. Mkulima aliachwa auze anakotaka.

Huo ndio udhibiti ninaoutetea, na nchi hii ina vyombo vyake tayari. Kuna Wakala wa Vipimo na Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inayotaka mizani ya biashara ihakikiwe. Basi kila mizani ya kahawa Bukoba na Muleba ihakikiwe kabla ya msimu, ibandikwe alama, na mtu akikutwa anapimia isiyo na alama afungiwe siku hiyohiyo, awe mnunuzi binafsi au chama. Pawepo na kipima unyevu kila ghala, na pasipokuwepo isikatwe hata gramu kwa jina la unyevu. Uzito wa gunia tupu uandikwe ukutani.

Malipo nayo yawekewe tarehe. Aliyepokea kahawa alipe ndani ya siku zilizotajwa kwenye mkataba, na akichelewa adaiwe riba kama anavyodaiwa yeye na benki. Siku chama kitakapoanza kumlipa mkulima faini ya kuchelewa, ndiyo siku ya kwanza ya kupungua kwa butura, kuliko doria ya miaka 10. Stakabadhi ionyeshe bei ya mnada, kila kato kwa jina lake, na kinachobaki. Tume ya Maendeleo ya Ushirika na wakaguzi wa COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, wana mamlaka ya kuvidai vyama hesabu. Ripoti zisomwe kwenye mkutano mkuu kwa lugha inayoeleweka, zisifungiwe kabatini.

Butura yenyewe itolewe gizani. Mkataba wa mkopo kwa dhamana ya mavuno uandikwe kwa mtendaji wa kijiji, utaje kiasi, kilo na tarehe, na kiwepo kiwango ambacho hauruhusiwi kukivuka. Kisha mkopeshaji wa butura awekewe mshindani. Tuna Benki ya Maendeleo ya Kilimo, tuna Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya 2005, tuna rekodi za vyama zinazoonyesha nani huleta kilo ngapi kila mwaka. Mtu mwenye historia ya magunia 10 kwa msimu anakopesheka Januari. Kama mfanyabiashara wa senta anaweza kuliona hilo kwa kutazama matawi, benki yenye kompyuta inashindwa nini?

Na mpaka ufunguliwe kwa utaratibu. Kiwekwe kituo Mutukula ambapo mwenye kahawa, hata ya gunia moja, anapima, analipa ile asilimia 3, anapewa karatasi, anavuka mchana. Halmashauri itapata ushuru ambao leo haiupati, Bodi ya Kahawa itapata takwimu, na bei ya upande huu italazimika kushindana. Wanaoogopa kwamba kahawa yote itahama wanakiri, bila kujua, kwamba bei wanayoitetea haitoshi.

Upo mtihani rahisi wa kumpima kila atakayesimama msimu ujao kuzungumzia kahawa ya Kagera. Aulizwe kabla hajataja butura wala magendo: mizani za vyama zilihakikiwa lini, wakulima wanadai malipo ya lini, na katika kila shilingi 100 za mnada mwenye kibanja ametia mfukoni ngapi. Mwenye majibu tumsikilize hadi mwisho, hata akitaka kutugombeza. Asiye nayo ashuke jukwaani, apewe kalamu na daftari, akaanzie ghalani.